Milivolti Thelathini

Mwaka 1905 Julius Tafel alichapisha makala ndefu kuhusu haidrojeni inayotoka kwenye kathodi. Alikuwa Mswisi aliyefanya kazi Würzburg, Ujerumani, mwanakemia ogania aliyewahi kuwa msaidizi wa Emil Fischer, na haidrojeni haikuwa shabaha yake hata kidogo. Ilikuwa adui. Alitaka kuzipa elektroni molekuli kubwa, striknini ikiwa mojawapo, na kila alipowasha umeme sehemu yake ilipotea njiani: elektroni zilikwenda kwa protoni za asidi badala ya kwenda kwenye striknini, na mapovu yakapanda juu. Aliona kwamba hasara hiyo ni kubwa kwenye platinamu na ni ndogo kwenye risasi na zebaki. Akataka kujua ni ndogo kiasi gani, na kwa kanuni ipi.

Namna alivyopima ni rahisi kuieleza. Aliweka mkondo fulani, akasubiri volteji itulie, akaisoma. Akaongeza mkondo, akasubiri tena, akasoma tena. Alipozipanga namba zake aligundua kwamba kila mkondo unapozidishwa mara kumi, volteji ya ziada inayohitajika huongezeka kwa kiasi kilekile. Ukichora volteji dhidi ya logi ya mkondo, unapata mstari ulionyooka. Mlingano huo mpaka leo unaitwa kwa jina lake, na mteremko wa mstari ule ni mteremko wa Tafel. Wanafunzi wa elektrokemia huujua kabla hawajashika elektrodi kwa mkono.

Sehemu isiyosimuliwa sana ni kwamba maelezo yake mwenyewe yaligongana na namba zake mwenyewe. Tafel aliamini kwamba kinachochelewesha mambo ni atomu mbili za haidrojeni kutafutana juu ya metali ili ziungane. Nadharia hiyo inatabiri mteremko wa takribani milivolti 29. Zebaki yake ilimpa karibu mara nne ya hapo. Mlingano ukabaki, maelezo kuhusu zebaki yakaanguka. Nadhani huu ndio mlango mzuri wa kuingilia mjadala wa mbinu, kwa kuwa kipimo cha Tafel kilikuwa na sifa ambayo vipimo vingi vya leo havina: kiliweza kumkatalia aliyekipima.

Leo mtu anayetaka kuchunguza utokaji wa haidrojeni hakai na saa na kijitabu. Ana mashine iitwayo potenshiostati, na kwenye skrini yake kuna orodha ndefu ya mbinu: voltametria ya mzunguko, voltametria ya kwenda bila kurudi, ya mipigo, ya mawimbi ya mraba, mkondo kwa muda, volteji kwa muda, impidensi. Kila moja iko umbali wa kubofya mara moja. Mwanafunzi aliyenijia na unga wake wa nikeli na molibdeni aliuliza swali ambalo kila mmoja huuliza: “Mwalimu, nianze na ipi?” Nilimwambia: “Binti yangu, niambie kwanza ni jibu gani likitoka litakuonyesha kwamba unga wako haufai.” Alinyamaza, halafu akasema hajalifikiria. Tukaketi tukalifikiria, na mengi ya hapa chini yalitokana na mazungumzo ya namna hiyo.

Lakini kwanza mmenyuko wenyewe. Katika asidi, safari ya protoni mpaka iwe gesi ina hatua zisizozidi tatu, na kila hatua imepewa jina la mtu. Katika ya kwanza, ya Volmer, protoni hupokea elektroni na kushikamana na uso wa metali kama atomu moja ya haidrojeni. Kutoka hapo njia zinagawanyika. Ama atomu ile hukutana na protoni nyingine na elektroni nyingine, ikaondoka ikiwa molekuli. Hiyo ni hatua ya Heyrovský. Au atomu mbili zilizokwisha kushikamana hukutana palepale usoni na kuungana bila elektroni mpya. Hiyo ni hatua ya Tafel. Iliyo ya polepole kuliko zote ndiyo inayoamua kasi ya safari nzima. Nadharia ya kawaida inasema kila hatua huacha alama yake: mteremko wa milivolti 120 hivi kama Volmer ndiyo inayochelewesha, 40 kama ni Heyrovský, 30 kama ni Tafel. Namba tatu, hatua tatu. Unavuta mstari, unasoma mteremko, unajua siri ya metali. Uzuri wa jambo hili ndio hatari yake, na nitalirudia kwa kirefu nikifika kwenye platinamu.

Mbinu ambayo mkono wa mwanafunzi huikimbilia ni voltametria ya mzunguko. Unashusha volteji kwa kasi moja mpaka mahali fulani, kisha unaipandisha kwa kasi ileile, na mashine inachora mkondo. Kwa kitu kinachopokea elektroni na kuweza kuirudisha, mchoro unaopatikana una vilele viwili, kimoja cha kwenda na kimoja cha kurudi, na kutokana na urefu na umbali wa vilele hivyo unasoma habari nyingi sana. Randles na Ševčík, kila mmoja kwa upande wake, waliandika hesabu ya kilele hicho mwaka 1948. Nicholson na Shain wakaipanua mwaka 1964 hadi mimenyuko inayofuatana. Tangu hapo mbinu hii imekuwa kipenzi cha maabara.

Sasa iweke kwenye kichocheo kigumu ndani ya maji ya asidi na uangalie. Protoni zimejaa tele, hivyo mkondo hauna sababu ya kufika kileleni na kushuka. Unazidi tu kuteremka mpaka ukutane na ukomo wa mashine. Na kilichozalishwa kinapaa. Mapovu yakishaondoka hakuna haidrojeni ya kutosha ya kuoksidishwa wakati wa kurudi. Nusu ya pili ya mzunguko, ambayo ndiyo fahari ya mbinu hii, inabaki na machache ya kusema. Vilele vimekosekana, na pamoja navyo hesabu yote ya mwaka 1948.

Hata hivyo nisieleweke kwamba naifukuza. Kazi yake kubwa katika suala hili iko kabla gesi haijaanza kutoka. Platinamu safi katika asidi, kati ya volti 0.05 na 0.4 juu ya elektrodi ya haidrojeni, huonyesha vilele vya atomu za haidrojeni zinazoshika uso na kuuachia. Ukijumlisha chaji ya vilele hivyo na kuigawa kwa mikrokulombi 210 kwa kila sentimita ya mraba, unapata eneo halisi la platinamu, lile linaloguswa na maji, tofauti na lile linalopimwa kwa rula. Vilele hivyo hutumika pia kama ushahidi wa usafi. Uchafu kidogo tu huvivuruga. Kwa vichocheo visivyo na vilele vya aina hiyo, watu hupima mkondo wa kuchaji uso kwa kasi mbalimbali na kukisia eneo kutokana nao. Naiamini njia hiyo kwa kulinganisha sampuli mbili za unga uleule. Kwa kulinganisha nikeli na salfaidi ya molibdeni siiamini, maana hakuna ajuaye kwa uhakika ni chaji kiasi gani ilitarajiwa kwa kila sentimita ya mraba ya vitu viwili tofauti hivyo.

Kuna mahali pengine ambapo voltametria ya mzunguko haina mpinzani: vichocheo vya molekuli, kama vile michanganyiko ya kobalti iliyoyeyushwa katika asetonitrili. Hapo unaanza bila asidi, unaona kobalti ikipokea elektroni na kuirudisha, vilele viwili vya kupendeza. Unaongeza asidi kidogo kidogo, na mbele ya macho yako kilele cha kurudi kinafifia huku mkondo wa kwenda ukikua. Molekuli imeanza kazi. Jean-Michel Savéant na wenzake mjini Paris walionyesha kwamba kasi ya kichocheo inaweza kusomwa chini kabisa, pale wimbi linapoanza kupanda, kabla asidi haijapungua na kabla bidhaa hazijaleta vurugu. Naipenda kazi hiyo kwa sababu inachagua kuitazama sehemu ndogo ya mchoro, ile isiyovutia, kwa kuwa ndiyo iliyo safi.

Mbinu za mipigo na za mawimbi ya mraba nitazipita haraka. Zimebuniwa kwa ajili ya kutafuta kitu kidogo sana ndani ya maji mengi, kama risasi katika maji ya kisima, kwa kufuta mkondo wa kuchaji uso na kuacha kilele chembamba. Protoni katika asidi si kitu kidogo kinachotafutwa.

Inabaki voltametria ya kwenda bila kurudi, ndiyo unayoikuta katika karibu kila makala kuhusu haidrojeni: unashusha volteji taratibu, mkondo unapanda, unaandika ni milivolti ngapi za ziada zilihitajika ili kufikia miliampia 10 kwa kila sentimita ya mraba. Namba hiyo 10 ina asili ya kueleweka. Jua la mchana lililopimwa kwa kiwango cha maabara hutoa miliwati 100 kwa kila sentimita ya mraba, na miliampia 10 zikizidishwa kwa volti 1.23 za kupasua maji ni miliwati 12.3, yaani kifaa cha jua chenye ufanisi wa asilimia 12 hivi. Ni kipimo cha wahandisi wa jua kilichogeuka kuwa mzani wa kila kitu, hata cha vifaa visivyohusika na jua. Sina ugomvi nacho mradi msomaji ajue kwamba kichocheo kinachoongoza kwenye miliampia 10 kinaweza kuachwa nyuma kwenye 1,000, ambako mitambo halisi hufanya kazi.

Kasi ya kushusha volteji ndiyo inayoamua kama mchoro ni wa mmenyuko au wa kitu kingine. Uso wa elektrodi hupokea chaji hata kama hakuna mmenyuko wowote, mfano wa mtungi mpya wa udongo unaokunywa maji kwanza kabla haujakubali kuyatunza. Uso laini hupokea takribani mikrofaradi 20 kwa sentimita ya mraba. Ukishusha volteji kwa milivolti 5 kwa sekunde, mkondo wa kuchaji ni mikroampia 0.1, kitu cha kupuuza. Lakini vichocheo vya leo ni unga wenye vinyweleo, na eneo lao halisi laweza kuwa mara 1,000 ya lile la rula. Kwa kasi ileile mkondo wa kuchaji unakuwa miliampia 0.1, na mtu mwenye haraka akiweka milivolti 100 kwa sekunde unafika miliampia 2. Sehemu ya tano ya zile miliampia 10 anazojivunia ingekuwa mtungi unakunywa maji. Na pale chini, kwenye mikondo midogo ambako mstari wa Tafel unatakiwa kuanzia, hali ni mbaya zaidi: chaji ya uso inaufunika mmenyuko wote, mstari unalala, na mteremko unaosomwa hauhusiani na hatua yoyote kati ya zile tatu.

Ndipo nirudipo kwa Tafel na subira yake. Kwa mstari wa Tafel, njia ninayoiamini ni ya ngazi: weka volteji, subiri mkondo utulie, andika, shuka ngazi moja, subiri tena. Halafu panda ngazi zilezile kurudi juu. Kama mistari miwili, ya kushuka na ya kupanda, inalingana, una hali tulivu mkononi. Isipolingana, uso wako umebadilika wakati wa kipimo, na hilo lenyewe ni habari. Kazi hii hula mchana mzima ambapo mchoro wa haraka ungechukua dakika chache. Mashine za siku hizi huweza kuifanya peke yake usiku kucha, kwa hiyo udhuru wa muda umekwisha.

Baada ya chaji ya uso, adui wa pili wa kipimo ni ukinzani wa maji. Volteji inayosomwa kwenye skrini imechanganya volteji ya metali na ile iliyopotea ikivuka elektroliti. Chukua diski ya kawaida ya milimita 5, eneo lake karibu sentimita ya mraba 0.2, na ukinzani wa omu 10. Kwenye miliampia 10 kwa sentimita ya mraba zinapotea milivolti 20. Kwenye 100 zinapotea milivolti 200, na mstari wa Tafel unapinda kwenda juu hadi mtu atangaze kwamba hatua ya mmenyuko imebadilika. Haijabadilika. Ni maji tu. Dawa yake ni impidensi: unatikisa volteji kidogo kwa masafa ya juu, unasoma ukinzani mahali mchoro unapokata mhimili, unaondoa hesabu hiyo. Impidensi basi haishindani na voltametria. Voltametria bila hiyo haisomeki.

Elektrodi ya marejeo nayo huleta msiba wa kimyakimya. Mtu anatumia fedha na kloridi ya fedha, anaongeza volti 0.197, kisha anaongeza volti 0.059 kwa kila pH moja ili afikie sifuri ya haidrojeni katika maji yake. Akikosea pH kwa kiasi cha moja tu amekosea kwa milivolti 59, na kuna makala zinazotangaza ushindi kwa tofauti ndogo kuliko hiyo. Katika alkali kali elektrodi hiyo yenyewe huharibika taratibu; hapo zebaki na oksaidi yake hufaa zaidi. Bora kuliko zote ni kupitisha haidrojeni safi juu ya platinamu ndani ya maji yaleyale na kuisoma sifuri moja kwa moja.

Sasa platinamu na zile milivolti 30.

Kwa muda mrefu, mtu aliyepima platinamu katika asidi alipata mteremko wa milivolti 30, akafungua kitabu, akaona kwamba 30 ni hatua ya Tafel, akaandika hivyo. Kipimo kilikuwa kizuri, kilirudiwa na maabara nyingi, mstari ulinyooka. Sasa fikiria jambo moja. Gesi ikizalishwa haraka kuliko inavyoweza kuondoka, maji yanayogusana na metali hujaa haidrojeni iliyoyeyuka. Mlingano wa Nernst unasema kwamba elektrodi iliyo katika mizani na haidrojeni hiyo itabadilisha volteji yake kwa milivolti 29.6 kila haidrojeni ile inapoongezeka mara kumi, kwenye joto la sentigredi 25. Na haidrojeni iliyo usoni huongezeka sambamba na mkondo. Kwa hiyo metali yenye kasi isiyo na mwisho, metali ambayo hakuna hatua yake yoyote inayochelewa, ingetoa pia mstari ulionyooka wenye mteremko wa milivolti 30. Namba ileile. Kipimo kiliulizwa ni hatua ipi inayochelewesha, nacho kikajibu kwa habari za usambaaji wa gesi ndani ya maji, na hakuna kitu katika mchoro kilichoonyesha kwamba jibu lilikuwa la swali jingine.

Diski inayozunguka ilitarajiwa kutatua jambo hili. Veniamin Levich, mwanafizikia wa Kisovyeti, aliandika hesabu yake mwaka 1942: ukizungusha diski ndani ya maji, maji huvutwa kuelekea usoni kwa mpangilio unaoweza kukokotolewa, na kadiri unavyozungusha kwa kasi ndivyo tabaka la maji yaliyosimama linavyopungua unene. Ni kifaa cha ajabu. Lakini haidrojeni huyeyuka kidogo sana katika maji, chini ya milimoli moja kwa lita kwa shinikizo la kawaida. Kwa mizunguko 1,600 kwa dakika, mkondo mkubwa kabisa ambao haidrojeni iliyoyeyuka inaweza kuuleta kwenye diski ni karibu miliampia 3 kwa sentimita ya mraba. Vitabu vya kale vinasema mkondo wa mabadilishano wa platinamu katika asidi, yaani kasi ya mmenyuko kwenda na kurudi palipo na mizani, ni karibu miliampia 1. Ziweke namba hizo mbili jirani. Kasi ya metali, kama ilivyoandikwa, ilikuwa ya daraja lilelile na kasi ambayo maji yanaweza kubeba gesi. Hilo peke yake lilipaswa kuleta shaka mapema zaidi.

Walioingia kwa njia nyingine walipata picha nyingine. Katika pampu ya haidrojeni, platinamu hukaa pande mbili za utando kama katika seli ya mafuta, na gesi hufika kwenye metali bila kuogelea ndani ya maji mengi. Hapo, kwenye sentigredi 80, mkondo wa mabadilishano ulitoka mamia ya miliampia kwa kila sentimita ya mraba ya platinamu. Mwaka 2010 Yang Shao-Horn wa MIT na Hubert Gasteiger, pamoja na mwenzao Sheng, waliyaweka mambo wazi kwa kulinganisha asidi na alkali kwenye diski ileile. Katika alkali mmenyuko ni wa polepole kiasi kwamba diski inaweza kuupima. Katika asidi mchoro wote ulilala juu ya mstari wa Nernst: diski ilikuwa inasoma usambaaji tu.

Kisa hiki kinaniuma kwa sababu hakuna aliyedanganya humo. Walipima vizuri kwa mbinu iliyokuwa haiwezi kuwapinga. Mtu akinijia leo na kichocheo kipya chenye mteremko wa 30 katika asidi, namuuliza kwanza ameonyesha vipi kwamba si Nernst. Abadilishe kasi ya diski. Mkondo ukibadilika, yuko bado ndani ya maji. Usipobadilika, bado asiharakishe, maana mapovu yaliyonata katikati ya diski nayo hufanya vituko vyake.

Zebaki iko upande wa pili kabisa wa hadithi hii. Mkondo wake wa mabadilishano ni mdogo kuliko ule wa vitabuni wa platinamu kwa karibu mara bilioni moja, na uvivu huo ukampa Jaroslav Heyrovský fani nzima. Prague, Februari 1922, alianza kupima mkondo kwenye zebaki iliyokuwa ikidondoka tone kwa tone, kila tone likiwa uso mpya usio na historia. Kwa kuwa haidrojeni ilikataa kutoka, metali nyingine zilipata nafasi ya kujionyesha. Fani hiyo, polarografia, ilimpa tuzo ya Nobel mwaka 1959. Jina lake likabaki kwenye hatua ya pili ya mmenyuko ambao matone yake yaliuzuia.

Mikoa ya shaba ya Kongo inamjua vizuri adui yule wa Tafel, haidrojeni inayopoteza umeme. Shaba ikipokea umeme katika asidi haina shida na haidrojeni, maana yenyewe huanza kujishika kwenye volti 0.34 juu ya sifuri. Kobalti inaanza kwenye volti 0.28 chini ya sifuri, kwa hiyo haidrojeni ina haki ya kutangulia, na viwanda kama Luilu na Shituru, vilivyotoa kobalti kwa umeme, vililazimika kuchunga asidi ya maji yao ili umeme usiishie hewani. Mtu anayechunguza jambo hilo hahitaji mstari wa Tafel kwanza. Anahitaji kushusha volteji ili metali ijishike, kuirudisha ili metali iyeyuke, na kulinganisha chaji mbili. Pengo kati yake ni haidrojeni. Hapa safari ya kurudi, ile niliyosema ina machache ya kusema kwenye kichocheo cha gesi, ndiyo shahidi mkuu.

Jambo la mwisho nililomsisitizia yule binti ni elektrodi ya upande wa pili. Kwa mazoea huwa ni platinamu. Mkondo unapopita kwa saa nyingi, platinamu huyeyuka kidogo kidogo, husafiri majini, na kujibandika juu ya kichocheo kinachopimwa. Kichocheo kinaanza kuwa bora kila siku. Mwenye nacho anafurahi na kuandika kwamba kimejiamsha. Hakuna mbinu ya voltametria iliyomo kwenye orodha ile ndefu itakayomfichulia, maana mchoro wa platinamu kidogo juu ya nikeli unafanana na mchoro wa nikeli iliyo bora. Weka fimbo ya grafiti badala yake, rudia, uone kama maajabu yanabaki.

Na gesi ipimwe. Mkondo si gesi. Huenda oksaidi ya kichocheo ndiyo inayokula elektroni. Miliampia 10 kwa saa moja ni kulombi 36, na zikienda zote kwenye haidrojeni zinatoa mililita 4.6 hivi kwenye joto la chumba. Kiasi hicho kinasomeka kwenye bureti iliyopinduliwa ndani ya maji, kifaa ambacho kila maabara ya kemia ya Afrika Mashariki inacho, hata ile isiyo na kromatografu. Kenya ilizindua mkakati wake wa haidrojeni ya kijani mwaka 2023. Vijana watakaoombwa kuutekeleza watakuwa na bureti kabla hawajawa na kitu kingine, na bureti inatosha kuanza.

Swali ambalo diski za mwaka 2010 ziliacha wazi linaendelea kutafunwa: kwa nini platinamu inapunguza kasi karibu mara mia ikitolewa kwenye asidi na kuwekwa kwenye alkali? Wapo wanaosema ni nguvu ya atomu ya haidrojeni kushika metali. Wapo wanaosema ni ugumu wa kupasua molekuli ya maji ili kupata protoni. Na mwaka 2017 kikundi cha Marc Koper huko Leiden, pamoja na Juan Feliu na Víctor Climent wa Alicante, kilieleza kwamba ni maji yaliyo mbele ya metali yenyewe, ambayo katika alkali hushikwa na uga mkali wa umeme na kukataa kujipanga upya. Kila upande una mistari ya voltametria ya kuonyesha, na mistari hiyo inafanana. Kundi la Leiden na Alicante likaondoka kwenye orodha ya potenshiostati: walipiga uso wa platinamu kwa leza, wakaupasha joto ghafla, na kufuatilia volteji ikitikisika wakati maji yanajipanga.